Kutambua Kilichoota juu ya Gome

Katika pwani za Bahari ya Hindi, tangu Afrika ya Mashariki mpaka Bara Hindi, huota juu ya magome ya miti kitu cha ajabu. Ni vitawi vyembamba vya rangi ya majivu, vikavu wakati wa jua na vyororo wakati wa mvua, visivyo na jani, wala ua, wala mzizi. Mtazamaji asiye na habari hudhani kuwa ni ugonjwa wa mti, au ni takataka iliyonaswa na upepo. Lakini Waswahili wa karne ya 19 walikuwa na jina lake, walikiita marere. Jina hilo halikuzaliwa na udadisi wa wataalamu wa mimea, bali lilizaliwa na biashara. Marere yalikwanuliwa mitini na majabalini, yakaletwa Unguja, na kutoka Unguja yakapakiwa merikebuni pamoja na pembe, sandarusi na karafuu, yakaenda Ulaya kutolewa rangi ya zambarau.

Rangi hiyo haionekani katika marere yenyewe, na hapo ndipo ugumu ulipo. Sharti yapondwe, yalowekwe katika kitu chenye amonia, ambacho zamani kilikuwa mkojo, na yakorogwe mara kwa mara kwa siku nyingi ili hewa ipenye. Polepole maji hugeuka mekundu, kisha huwa zambarau. Ufundi huu ulikuwa na fedha nyingi. Inasimuliwa kwamba ukoo mashuhuri wa Rucellai, katika mji wa Florence, ulipata utajiri wake wa kwanza na hata jina lake kutokana na rangi hii iliyojulikana katika nchi za mashariki ya Bahari ya Kati. Na kila mwanafunzi aliyepata kuchovya karatasi ya litimasi katika asidi akaona buluu ikigeuka nyekundu amegusa kazi ya jamaa za marere bila ya kuambiwa, maana litimasi ya asili hutolewa katika jamii hiyo.

Basi mnunuzi alikuwa na swali la kumkosesha usingizi. Vitu vinavyoota mitini vya rangi ya majivu ni vingi, na vingi vyao vinafanana. Kimoja kina rangi ndani yake na kingine hakina kitu. Jicho haliwezi kuhukumu, na kungoja majuma mazima ili pipa litoe jibu ni hasara. Katika miaka ya 1840 mwanakemia Mskoti, John Stenhouse, alionyesha njia fupi: maji ya chokaa yenye klorini, yaani dawa ileile inayong'arisha nguo, yakikutana na vitu vinavyozaa zambarau hutoa wekundu kama wa damu, nao hupotea mara. Kwa wekundu huo thamani ya mzigo iliweza kupimwa. Hiki kilikuwa kipimo cha soko. Hapana aliyedhani wakati ule ya kuwa kitaingia katika elimu ya majina ya viumbe na kuitia katika mgogoro.

Elimu hiyo ilikuwa imeanza vibaya. Linnaeus, aliyeipa dunia ya mimea utaratibu wa majina mwaka 1753, alivirundika vitu vyote vya namna hii katika jamii moja na kuviweka karibu na mwani. Havikumpendeza. Mwanafunzi wake Erik Acharius, tabibu wa Sweden, ndiye aliyevipa heshima. Katika vitabu vyake, hasa vya mwaka 1803 na 1810, alivigawa kwa umbo: vilivyo kama ukoko juu ya gome, vilivyo kama majani, vilivyo kama vichaka au ndevu, na akatazama sura ya vikombe vidogo ambamo mbegu zao kama vumbi hutoka. Baada yake walikuja watu wenye darubini za kukuzia, wakazipima mbegu hizo na kuhesabu vyumba vyake. Lakini waliendelea kuamini jambo moja bila ya kulichungua, kwamba kila kilichoota juu ya gome kilikuwa kiumbe kimoja chenye nafsi moja, kama mwembe ulivyo mwembe.

Mtu aliyesimama kati ya kipimo cha soko na imani hiyo ni William Nylander. Alizaliwa mwaka 1822 katika mji wa Oulu, Finland, nchi iliyokuwa wakati huo chini ya mfalme wa Urusi. Alisomea utabibu, akawa profesa wa kwanza wa elimu ya mimea katika Chuo Kikuu cha Helsinki mwaka 1857, na mwaka 1863 akaacha cheo akahamia Paris, asitoke tena katika maisha ya upweke. Vifurushi vilimfikia kutoka kila upande wa dunia, na yeye akavipa majina kwa maelfu. Hakuwa mtu wa suluhu. Aliyetofautiana naye katika jina la ukoko wa gome alihesabiwa kuwa adui, na mwisho wa maisha yake adui walikuwa wengi kuliko rafiki. Hata hivyo, katika elimu yake hapakuwa na jicho kali kuliko lake.

Mwaka 1866 Nylander alitangaza kwamba tone moja la maji ya klorini na chokaa, au tone la potasi kali, likiwekwa juu ya kipande kidogo, laweza kutenga aina mbili ambazo jicho limeshindwa kuzitenga. Palikuwa na mfano ulio wazi. Aina moja ya majani ya kijivu, iotayo juu ya miti, ilikuwa ikichanganywa siku zote na nyingine inayofanana nayo. Tone la klorini lilipoangukia utando mweupe wa ndani, moja iligeuka nyekundu na nyingine ikabaki nyeupe kama iliyomwagiwa maji matupu. Ile nyekundu akaipa jina la mashamba ya mizeituni, olivetorum, na jina hilo lipo hata leo, ingawa jamii yake imebadilishwa. Kipimo kilichotumika kujua bei ya marere sasa kilitumika kujua nasaba.

Wengi walikataa. Mpinzani mmoja wa kuangaliwa ni W. Lauder Lindsay, naye tabibu wa Scotland. Huyu hakuwa mgeni wa kemia. Alikuwa amejaribu mwenyewe, miaka mingi kabla, kutoa rangi katika aina nyingi za vitu hivi. Kwa kuwa alijaribu sana aliogopa sana. Alisema mwaka 1869 kwamba rangi hubadilika kwa umri wa kipande, kwa mahali kilipochumwa na kwa ubora wa dawa, na kwamba jina la kiumbe haliwezi kutundikwa juu ya dalili isiyokaa. Hoja yake ilikuwa na uzito kuliko ilivyosemwa baadaye na walioshinda. Dawa ya klorini huharibika chupani upesi, na mtu anayetumia dawa iliyokufa huandika "hapana" mahali pa "ndiyo". Lakini vipimo vilivyofanywa kwa uangalifu vilikubaliana na Nylander, na leo hapana mtaalamu wa vitu hivi aendaye msituni bila ya vichupa vyake viwili. Mjapani Yasuhiko Asahina aliongeza dawa ya tatu katika miaka ya 1930, naye alikuwa mwanakemia wa dawa za mitishamba kabla ya kuvutwa na magome.

Katika mwaka uleule wa 1866 Nylander alitoa makala nyingine ndogo ambayo pengine imesomwa na watu wengi zaidi. Alikuwa akitembea katika bustani ya Luxembourg, Paris, akitazama miti. Juu ya magome yake aliona kiasi cha aina thelathini, na nyingi za aina hizo hakuziona penginepo mjini. Sababu aliyoitoa ni hewa. Alisema kuwa vitu hivi ni kipimo cha usafi wa hewa; vinapokaa hewa ni nzuri, na vinapokimbia hewa imeharibika. Miaka 30 baadaye, mwaka 1896, akiwa mzee, aliandika kwamba vya Luxembourg vimetoweka. Moshi wa makaa ya mawe ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake. Vilianza kurudi karne moja baadaye, moshi ulipopunguzwa, na wataalamu wa Ufaransa na Uingereza wakauandika urejeo huo katika miaka ya 1990.

Sasa imefika zamu ya habari iliyomvunja. Mwaka 1867, katika mkutano wa wanasayansi wa Uswisi, mtu mmoja wa nchi hiyo, Simon Schwendener, alisimama akasema kwamba kitu kinachoota juu ya gome si kiumbe kimoja. Ni kuvu iliyouzingira mwani. Punje za kijani zilizoonekana kwa darubini katikati ya nyuzi nyeupe, ambazo wataalamu walizidhania kuwa viungo vya kiumbe kilekile, ni mwani mdogo kama ule unaoweza kuishi peke yake penye unyevu. Na nyuzi nyeupe ni kuvu isiyoweza kujipatia chakula. Mwaka 1869 alichapisha maelezo kamili pamoja na michoro. Ili aeleweke alitumia mfano: kuvu ni bwana, na mwani ni watumwa waliofungwa wamfanyie kazi, au kuvu ni kama buibui aliyewazungushia utando wake, lakini hawaui, huwaacha hai ili wamlishe.

Mfano wa watumwa ulitolewa kwa urahisi katika ukumbi wa Uswisi. Wakati huohuo soko la watumwa la Unguja lilikuwa wazi, likafungwa mwaka 1873, na marere yalikuwa yakipakiwa katika bandari hiyohiyo. Msomaji wa pwani hawezi kuupita mfano huo kwa wepesi wa aliyeutunga. Na jambo la kustaajabisha ni kuwa wapinzani wa Schwendener waliukamata mfano wenyewe wakaufanya silaha. Mskoti James Crombie, mfuasi wa Nylander, aliidhihaki nadharia hiyo kuwa ni hadithi ya mapenzi kati ya binti mwani aliyetekwa na kuvu, mtawala dhalimu. Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini kicheko hakikujibu michoro.

Nylander alikataa, akakataa mpaka kufa. Ni rahisi sasa kumwona kuwa mkaidi, na mkaidi alikuwa. Lakini hoja za upande wake hazikuwa za kipumbavu. Iliulizwa, mateka gani hunenepa katika kifungo? Punje za kijani ndani ya nyuzi zilikuwa na afya, na mara nyingi zilistawi mahali ambapo mwani ulio huru ungekauka kwa saa chache. Kama huu ni unyonyaji, mbona mnyonywaji anapendeza? Iliulizwa tena, ikiwa kuvu peke yake haiwezi kufanya vikombe, majani na ndevu hizi, wala mwani hauwezi, umbo hilo linatoka wapi? Na nyuma ya maswali hayo lilikuwako jingine ambalo halikuhitaji kutamkwa. Mtu ambaye ametoa maelfu ya majina, na amegombana na nusu ya Ulaya ili kuyalinda, anaambiwa kwamba kila alichokipa jina ni wawili.

Majibu yalikuja kwa majaribio. Katika mwaka uleule wa 1867, Warusi wawili, Famintsyn na Baranetsky, walikuwa wamezitoa punje za kijani katika kitu cha manjano kiitwacho Xanthoria, kinachoota sana juu ya magome, wakaziona zikiendelea kuishi na kuzaa kama mwani wowote. Mwaka 1877 Mjerumani Ernst Stahl alikwenda kinyume: alichukua mbegu za kuvu na mwani, akazikutanisha, akapata kiumbe kamili. Mfaransa Gaston Bonnier, katika miaka ya 1880, alifanya vivyo hivyo kwa aina kadhaa katika vyombo vilivyosafishwa. Yaani huko Paris, mjini alimokaa Nylander, mtu aliweza kuunganisha katika chupa jambo ambalo mzee huyo alisema haliwezekani. Wakati huo Anton de Bary, aliyekuwa mwalimu Strasbourg, alikuwa amekwisha kutoa neno jipya, simbiosisi, kwa maana ya viumbe wa namna mbalimbali kuishi pamoja. Kwa neno hilo bwana na mtumwa waliondolewa, na swali la mateka aliyenenepa likapata mlango.

Nylander alifariki Paris mwezi wa Machi mwaka 1899. Mkusanyo wake mkubwa ulikwenda Helsinki, na huko ungali umewekwa mbali na mikusanyo mingine, vifurushi maelfu kwa maelfu, ukitazamwa na kila atakaye kujua jina fulani lilikusudiwa kitu gani. Ajabu ya mtu huyu ni kwamba aliwapa wengine chombo bora cha kutambua, na yeye mwenyewe hakutambua alichokuwa akikitambua. Kuna ajabu ya pili ndani ya hiyo. Vitu vinavyogeuka rangi chini ya tone lake hutengenezwa na kuvu, lakini kuvu hutumia chakula kilichopikwa na mwani. Wekundu alioutafuta kila siku ulikuwa alama ya ushirika alioukana.

Baada ya vita kutulia lilibaki tatizo la majina. Jina moja haliwezi kisheria kuwa la viumbe wawili wasio na nasaba moja. Katikati ya karne ya 20, kanuni za kimataifa za majina ya mimea zikaamua kwamba jina lililopewa kiumbe cha namna hii lihesabiwe kuwa jina la kuvu iliyomo, na mwani ubaki na jina lake. Kwa hiyo Roccella montagnei, jina la kitaalamu la marere yanayoota mitini katika pwani zetu, ni jina la kuvu. Mwani uliomo ni wa jamii iitwayo Trentepohlia, ambayo juu ya kuta na miti yenye unyevu huonekana kama vumbi la rangi ya machungwa. Kiswahili kimekwenda njia nyingine. Neno linalotumika katika vitabu vya elimu ya viumbe ni kuvumwani. Atamkaye neno hilo amekwisha kumpa Schwendener haki yake kabla hajasoma hata ukurasa mmoja, na limewataja washirika wote wawili, jambo ambalo jina la Kilatini halikufanya. Marere lilikuwa neno la watu waliojua kitu kinatoa nini. Kuvumwani ni neno la waliojua kitu ni nini. Au ndivyo ilivyodhaniwa mpaka hivi karibuni.

Katika misitu ya misonobari ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini huning'inia kuvumwani mbili zenye sura ya nywele. Moja ni ya rangi ya kahawia, Bryoria fremontii. Wenyeji wa kale wa nchi hizo waliipika ndani ya mashimo yenye mawe ya moto wakaila. Nyingine, Bryoria tortuosa, ni ya manjano ya kijani, na ina asidi ya vulpini, ambayo ni sumu; asidi hiyohiyo imo katika kuvumwani nyingine ambayo watu wa kaskazini ya Ulaya walikuwa wakiitumia kuulia mbwa-mwitu. Kuwatenganisha hawa wawili lilikuwa jambo la chakula na madhara, na wachumaji walitazama kwa makini. Wataalamu nao waliwatenganisha, kwa macho na kwa kemia. Kisha ukaja uchunguzi wa chembe za urithi, na mwaka 2009 matokeo yakatoka: kuvu ya zote mbili ni moja, na mwani wa zote mbili ni mmoja. Kwa hukumu ya Schwendener hazikuwa na tofauti. Kwa hukumu ya tone, na ya tumbo la mlaji, zilikuwa na tofauti kubwa.

Aliyelishikilia fumbo hilo ni Toby Spribille, aliyekulia Montana. Alipoacha kutafuta kuvu iliyojulikana, akatafuta jeni za kuvu ya namna nyingine yoyote iliyokuwamo, alikuta kuvu ya pili, jamaa ya mbali, yenye maisha kama ya hamira, imejificha katika ngozi ya nje ya kuvumwani. Katika ile ya manjano ilikuwa nyingi. Katika ile ya kahawia ilikuwa chache. Habari hiyo ilitoka katika jarida la Science mwezi wa Julai mwaka 2016, pamoja na maelezo ya kuwa hamira hizo zimeonekana katika jamii 52 za kuvumwani kutoka pande mbalimbali za dunia. Walikuwako waliosema upesi kwamba miaka 150 ya elimu imepinduliwa, na kwamba kila kuvumwani ina watatu. Hilo lilikuwa kosa la haraka. Mwaka 2019 kundi jingine la wataalamu lilichungua aina 339, likazikuta hamira za jamii hiyo katika aina 9 tu. Spribille alikuwa ameonyesha kuwa hamira nyingi na sumu nyingi hukaa pamoja; hakuwa ameonyesha ni nani anayeitengeneza sumu hiyo, na swali hilo bado linafanyiwa kazi.

Biashara ya marere haikuyaona hayo. Tangu Perkin alipopata zambarau ya viwandani mwaka 1856, rangi ya maabara ilizidi kuwa rahisi, na kidogo kidogo wanunuzi wakaacha kuuliza. Merikebu ziliacha kuyapakia, na neno lenyewe likawa la kamusi kuliko la soko. Marere yangali mitini. Mwanafunzi akikwangua kitawi kimoja kwa ukucha, akadondosha tone la klorini iliyo hai, wekundu hutokea mara moja, hukaa kwa muda wa pumzi chache, ukafifia. Kifurushini ataandika jina la mti, mahali, tarehe, jina la kuvu, na alama fupi ya tone. Na mahali pa mwani, kwa desturi, hapana nafasi iliyoachwa.